Mashine ya pesa ya umma ije na michoro yake

Haya ni maandishi ya mada niliyoitoa kwenye mafunzo ya vijana wa chama. Wengi mmeomba niiweke hapa ili waliokosa nafasi waisome. Nimenyoosha sentensi chache tu, mengine nimeyaacha kama nilivyoongea.



Ratiba ilipotoka na kuonekana nimepangiwa roboti za maabara, wapo walionipigia simu wakicheka. Mwanafunzi wa sheria na roboti wapi na wapi? Tena kwenye kikao cha chama, ambako tumezoea katiba mpya, tume huru na bei ya unga. Naomba dakika ishirini. Tukimaliza na mtu bado hajaona siasa ndani ya hii mashine, anidai soda.

Tuanze na kazi yenyewe, maana huwezi kudai haki kwenye kitu usichojua kinafanyaje kazi.

Mtoto ana homa kali, analetwa kituo cha afya. Kipimo cha haraka cha malaria kinasema anayo au hana, na kwa wagonjwa wengi hilo linatosha. Lakini kipimo hicho hakikwambii vimelea ni vingi kiasi gani. Na mgonjwa aliyekwisha kutibiwa anaweza kuendelea kuonekana anayo kwa wiki kadhaa, kwa sababu kinachopimwa ni protini ya kimelea, sio kimelea chenyewe. Hapo ndipo hadubini inarudi kazini. Tone la damu linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi ya Giemsa, linawekwa chini ya lenzi yenye mafuta. Mtaalamu anaangalia eneo moja, anasogeza, anaangalia jingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka aangalie maeneo yasiyopungua 100 kabla ya kusema huyu hana malaria. Akiona vimelea, anavihesabu huku akihesabu chembe nyeupe za damu mpaka 200, na vimelea vikiwa vichache anaendelea mpaka 500.

Hiyo ni slaidi moja. Sasa fikiria msimu wa mvua, foleni imefika nje, mtaalamu ni mmoja na jicho ni lile lile. Jicho likichoka halitoi taarifa kwamba limechoka. Linakosea tu, na anayelipa ni yule mtoto.

Kazi ya pili ni ya pipeti. Vipimo vya vinasaba, viwe vya virusi au vya usugu wa dawa, vinataka vimiminika vipimwe kwa kiasi kidogo sana, wakati mwingine mikrolita 2. Tone la kawaida la maji lina mikrolita kama 50, kwa hiyo mnaona tunaongelea nini. Sahani ya kawaida ya maabara ina visima 96. Ukiwa na vimiminika vitatu vya kuweka kwenye kila kisima, umebonyeza pipeti mara 288. Ukiruka kisima kimoja, majibu ya mtu mmoja yamepotea. Ukirudia kisima kimoja, umeharibu vya wawili.

Kazi hizi mbili zinafanana kwa jambo moja: ni mikono na macho kurudia kitu kile kile bila kukosea. Roboti imeumbwa kwa ajili ya kazi kama hiyo. Na roboti za maabara zipo kwa miaka mingi. Shida ni kwamba zilikuwa zinauzwa makumi elfu ya dola na kuendelea, unapewa na fundi wao, programu yao na vipuri vyao. Kwa maabara ya wilaya huko kwetu hiyo ni hadithi.

Kilichobadilisha mambo kinatuhusu sisi wa sheria.

Mwaka 1989 Mmarekani Scott Crump aliomba hataza ya namna ya kutengeneza kitu kwa kuyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka. Kampuni yake ni Stratasys. Hiyo ndiyo teknolojia ya printa nyingi za 3D mnazoziona leo. Kwa miaka 20 printa hizo zilikuwa mali ya viwanda vikubwa. Mwaka 2009 hataza hiyo ya msingi ikaisha muda.

Hataza, kwa wasiosoma sheria, ni mapatano. Mgunduzi anaweka siri yake hadharani, dola inampa ukiritimba wa muda. Muda ukiisha, kitu ni cha watu wote. Na kabla muda haujaisha kulikuwa na watu wamejiandaa. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap: printa inayoweza kuchapa sehemu kubwa ya vipuri vyake yenyewe, na michoro yake ikatolewa bure kwa yeyote. Hataza ilipoisha, mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa mlangoni. Printa iliyokuwa inauzwa maelfu kwa maelfu ya dola ikashuka hadi mamia.

Sasa angalieni printa ya 3D ni kitu gani. Ni mkono unaokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, kwa vipimo sahihi, ukiongozwa na kompyuta. Toa kile kichwa cha kuyeyusha plastiki, funga pipeti. Umepata roboti ya kugawa vimiminika. Ndivyo ilivyozaliwa Opentrons, kampuni ya New York iliyotokea kwenye Genspace, maabara ya jamii ya Brooklyn, na mwaka 2014 ikachangisha pesa mtandaoni kwa watu wa kawaida. Roboti zao za mwanzo ziliuzwa maelfu machache ya dola, na programu inayoziendesha unaweza kuisoma na kuibadilisha. Mwaka 2020, Uviko ulipoizidi New York nguvu, jiji hilo lilisaidia kuanzisha maabara ya kupima watu kwa wingi iliyotegemea roboti hizo. Kwa hiyo mtu asituambie hivi ni vitu vya kuchezea.

Mtasema, dada, hiyo ni New York. Haya, tuje nyumbani.

Kuna hadubini ya roboti inaitwa OpenFlexure. Kiini chake, yaani kile kijukwaa kinachosogeza slaidi, kilielezwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2016 na watafiti waliokuwa Cambridge. Baadaye kazi ikahamia Bath, na hapo wakaingia Watanzania: Taasisi ya Afya Ifakara, na STICLab ya Dar es Salaam. Mwaka 2020 timu hiyo, majina ya Watanzania yakiwa ndani kama waandishi, ilichapisha makala inayosema hadubini zaidi ya 100 zimetengenezwa Tanzania na Kenya kwa ajili ya elimu, utafiti na tiba. Rudieni hilo kichwani: zimetengenezwa. Hazikuagizwa zikapigwa stika.

Inafanyaje kazi? Hadubini ya kawaida inasogeza slaidi kwa reli na gia za chuma zilizochongwa kwa usahihi mkubwa, na ndiyo maana ni ghali. Hii haina reli. Mwili wake ni plastiki iliyochapwa, na plastiki yenyewe inapinda. Fikirieni kifuniko cha chupa ya shampuu, kile kinachokunjika pale pale bila bawaba. Ndiyo kanuni hiyo. Mota zake ni ndogo, aina ile inayogeuza mapezi ya kiyoyozi. Mota inavuta, plastiki inapinda kidogo, slaidi inasogea kwa hatua iliyo chini ya elfu moja ya milimita. Kamera na kompyuta yake ni Raspberry Pi, kitu cha ukubwa wa kadi ya benki, kinachotumia umeme wa volti 5 kama chaja ya simu.

Na inajuaje kwamba picha imekaa sawa? Hapa ndipo nilipowapenda hawa watu. Picha iliyo kali ina mambo mengi ndani, hivyo faili lake linakuwa kubwa. Picha yenye ukungu inabanwa kirahisi, faili linakuwa dogo. Kila anayetuma picha kwa simu analiona hili. Basi kompyuta inapandisha na kushusha lenzi, inaangalia ukubwa wa faili za picha, inasimama palipo kubwa zaidi. Hakuna kifaa cha ziada cha bei mbaya. Ikishamaliza hapo inasogea eneo linalofuata, inapiga picha, inaendelea. Mtaalamu anakaa na picha zote mbele yake, anaweza kuzikuza, anaweza kumtumia daktari wa mkoa akiwa na shaka.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Kinachofanya fundi wa Dar es Salaam aweze kuitengeneza hii mashine, kuibadilisha na kuiuza bila kuomba ruhusa kwa mtu sio plastiki. Ni karatasi. Ni leseni.

Kwa kawaida ya sheria, ukichora kitu, haki ni yako hata usiposema neno. Hakimiliki inalinda michoro na programu. Hataza inalinda uvumbuzi wenyewe ukisajiliwa. Kwa hiyo kuweka michoro mtandaoni tu hakumpi mtu haki ya kuitumia. Lazima useme kwa maandishi ni nini kinaruhusiwa. CERN, kile kituo kikubwa cha fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilitoa leseni kwa ajili ya hilo mwaka 2011, ikaiboresha mwaka 2020. Sasa ina sura tatu. Moja inasema chukua, fanya utakalo. Nyingine inasema chukua, boresha, uza, ila ukiboresha na kusambaza, maboresho yako nayo yawe wazi kwa wengine. Ya tatu iko katikati. Hadubini niliyoieleza inatumia leseni ya familia hiyo.

Kwa nini sura hizi zina maana? Kulikuwa na kampuni ikiitwa MakerBot. Ilikua juu ya mgongo wa jamii ya RepRap, watu wakichangia michoro na maboresho bure. Mwaka 2012 ikatoa printa mpya na kufunga michoro yake. Mwaka 2013 ikanunuliwa na Stratasys, yule yule mwenye hataza ya zamani. Wachangiaji walilalamika sana. Ndiyo hivyo: kilichofunguliwa kwa hisani kinaweza kufungwa kwa biashara. Kilichofunguliwa kwa leseni yenye masharti ni kigumu zaidi kufungwa, maana una kifungu cha kushika.

Sisi tunaodai katiba mpya tunalijua somo hili kuliko mtu yeyote. Haki ya hisani sio haki. Inabidi iandikwe.

Upande wa pili, tuone mashine iliyofungwa inatugharimu nini. Mnaijua GeneXpert, ile ya kupima kifua kikuu. Ni mashine nzuri, imeokoa maisha, sitaki mtu anilishe maneno. Kupima kwa kuotesha bakteria kulichukua wiki, hii inatoa majibu ndani ya saa mbili. Lakini inakula katriji za kampuni moja tu, Cepheid. Kuanzia 2012 nchi kama yetu zililipiwa au kulipa dola 9.98 kwa katriji moja ya TB, na bei ikakaa hapo hapo zaidi ya miaka kumi. Madaktari Wasio na Mipaka na wanaharakati wa TB duniani wakaanzisha kampeni ya kudai dola 5, wakisema kuitengeneza kwa wingi hakufiki hapo. Septemba 2023 kampuni ikashusha hadi dola 7.97.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, kelele za watu zinashusha bei. Msikubali mtu awaambie harakati hazina faida. La pili, ilibidi dunia nzima ipige kelele miaka kadhaa kupata punguzo la dola mbili, kwa sababu mashine imefungwa na hakuna mwingine wa kwenda kwake. Ukinunua mashine iliyofungwa hununui mashine tu, unanunua na bwana wa kumlipa kila mwezi.

Bado hatujagusa matengenezo. Utafiti wa Perry na Malkin uliochapishwa 2011, uliokusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulikuta karibu asilimia 38 ya vifaa havifanyi kazi. Karibu vinne katika kila kumi. Binamu yangu ni mtaalamu wa maabara. Kituoni kwao kuna mashine ya kuchambua damu imefunikwa kitambaa mwaka wa pili sasa. Fundi wa halmashauri ni kijana mzuri, ana diploma yake, anajua umeme. Aliifungua, akakuta hakuna mchoro wa saketi, na skrini inadai namba ya siri ya fundi wa kampuni. Fundi huyo hayupo nchini. Vumbi linapanguswa kila Jumatatu, wagonjwa wanapewa rufaa, nauli wanajitegemea.

Mnaniuliza siasa iko wapi? Ndiyo hiyo. Nani aliyesaini mkataba wa kununua kitu ambacho fundi wetu haruhusiwi kukifungua?

Nikitoa hoja hii napigwa maswali matatu, na yote ni ya haki.

Swali la kwanza: roboti haitanyang'anya watu ajira? Vijana wamehitimu maabara wako mtaani, wewe unaleta mashine. Nasema hivi: tatizo la wale vijana sio roboti, ni vibali vya ajira, na hilo tutaendelea kulipigania. Roboti inabeba sehemu ya kazi inayochosha jicho na kidole gumba. Haimchomi mtoto sindano, haiongei na mama yake, haisaini majibu. Mtu ndiye anayesaini na mtu ndiye anayewajibika. Halafu mashine iliyo wazi inaleta kazi nyingine ambayo iliyofungwa haileti: kuichapa, kuiunga, kuiuza, kuitengeneza, kuandika programu zake. Hiyo ni kazi ya kijana wa VETA na wa DIT. Ukiagiza iliyofungwa, ajira hiyo umeiagizia nchi nyingine.

Swali la pili: ubora je? Mgonjwa apimwe na kitu kilichochapwa chumbani kwa mtu? Hapana, na mimi sitaki. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ipo kwa sababu nzuri. Kitu kuwa wazi hakimpi mtu ruhusa ya kuruka ukaguzi. Ila sheria za vifaa tiba duniani kote zimeandikwa zikiwa na kiwanda kimoja kichwani, chenye mlango na meneja. Mchoro mmoja ukitengenezwa na karakana kumi, nani ni mtengenezaji? Jibu langu la kisheria ni jepesi: yule aliyekiunda na kukiuza, ndiye abebe dhamana ya ubora wake. Mchoro haudhuru mtu, kifaa ndicho kinaweza kudhuru. Kinachokosekana ni njia ambayo karakana ndogo inaweza kuimudu, kwa ada na hatua zinazolingana na ukubwa wake, bila kushusha kipimo cha usalama hata kidogo. Na wakati njia hiyo inajengwa, kuna sehemu za kuanzia ambako hakuna mgonjwa anayesubiri majibu: vyuo vikuu, vyuo vya maabara, shule za sekondari, vituo vya utafiti wa mimea. Kuna shule wanafunzi arobaini wanapokezana hadubini moja, wengine wanamaliza kidato cha nne wameiona kwenye mchoro wa kitabu tu.

Swali la tatu: mbona bado tutaagiza vitu nje? Ni kweli. Lenzi nzuri hatutengenezi. Mota na kompyuta ndogo zinatoka nje, na kati ya 2021 na 2023 Raspberry Pi ziliadimika dunia nzima. Hata plastiki ina tabia zake: ile ya kawaida ya kuchapia inalegea joto likifika kama nyuzi 60, kwa hiyo usiiache kwenye gari saa saba mchana. Sijaja kuwauzia miujiza. Tofauti ni kwamba mota ikifa unanunua mota, haununui mashine. Na Raspberry Pi zikiadimika, mwenye michoro anaweza kubuni namna ya kutumia kompyuta nyingine. Asiye na michoro anasubiri.

Basi tudai nini? Nina mambo matatu, na ningependa yaingie kwenye sera ya vijana wa chama.

Kwanza, ununuzi. Tuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na ina vifungu vya kupendelea bidhaa na kampuni za ndani. Tudai kanuni zake ziseme wazi: kifaa chochote cha maabara kinachonunuliwa kwa pesa ya umma kije na mwongozo wa matengenezo, michoro ya saketi, orodha ya vipuri, namba zote za siri za fundi, na majibu yake yatunzwe kwa mfumo ambao programu nyingine inaweza kuusoma. Muuzaji asiyetaka, asishinde zabuni. Zingatieni kwamba kanuni hutungwa na waziri. Hatuhitaji kusubiri muswada mzima wa sheria. Inatosha waziri abanwe.

Pili, utafiti. Pesa ya walipakodi ikilipia ubunifu wa kifaa, iwe kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia au chuo cha umma, michoro itolewe kwa leseni ile inayomlazimisha anayeboresha naye afungue. Tumelipa mara moja, tusilipe mara ya pili kununua wazo letu wenyewe.

Tatu, misaada. Mkataba wa TRIPS, kifungu cha 66, kinazitaka nchi tajiri zihamasishe kampuni zao kuhamishia teknolojia kwenye nchi zenye maendeleo madogo zaidi, na Tanzania imo kwenye orodha hiyo. Mashine iliyofungwa kwa namba ya siri haijahamisha teknolojia yoyote, imehamisha sanduku. Anayetoa msaada tumshukuru, halafu tumuulize: funguo ziko wapi? Hakuna utovu wa adabu hapo. Mgeni akikuletea kufuli bila ufunguo, unamuuliza.

Na sasa kazi ya kwenda nayo nyumbani, maana najua baraza letu, tukipiga makofi tunasahau.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Huhitaji kuwa mbunge. Huhitaji wakili. Kila mmoja wetu aandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yake, aulize mambo matano tu. Maabara za vituo vyetu zina mashine ngapi? Ngapi hazifanyi kazi, na tangu lini? Kila moja ilinunuliwa au kutolewa na nani, kwa bei gani? Mkataba unamruhusu fundi wa halmashauri kuitengeneza? Mwaka jana tulilipa kiasi gani kwa vitendanishi na katriji ambazo zinauzwa na kampuni moja tu?

Andikeni kwa heshima, wekeni tarehe, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Msitukane mtu. Wahudumu wa maabara sio maadui, wengi wao watafurahi kwamba kuna mtu ameuliza. Majibu yakija, leteni kwa katibu wa baraza tuyaweke kwenye jedwali moja, halmashauri kwa halmashauri, tuwape madiwani na wabunge wetu wayapeleke vikaoni. Yasipokuja ndani ya siku 30, nalo ni jibu, na hatua zinazofuata kisheria tutazifuata pamoja. Rasimu ya barua nimeiandaa, ni ukurasa mmoja, iko kwa katibu. Nimeacha nafasi ya jina la halmashauri, jina lako na tarehe.

Nani ananidai soda?